Mercedes 300 SL: wote mnapiga picha milango, mi nataka tuongee kuhusu pampu

Wadau habari zenu. Nimekaa na hii ndinga karibu miezi sita, sio yangu jamani, ni ya mzee mmoja aliyeileta kwenye gereji ninayofanyia kazi huku Ujerumani, gereji ndogo tu ya kufufua magari ya zamani, na kazi ya injini ikaniangukia mimi. Tumeshusha injini, tumefungua mpaka nati ya mwisho, tumerudisha, na siku ya kukabidhi mzee akanipa funguo akasema endesha mwenyewe kwanza, mi nakaa pembeni. Kwa hiyo naandika hii kama fundi na pia kama mtu aliyelishika stelingi lake kwenye barabara za vilima za Schwäbische Alb, na naomba mnivumilie maana nitaandika sana, hili gari nalipenda na sina namna ya kulieleza kwa kifupi.

Ninayoongelea ni ile kupee ya 1954 mpaka 1957, ile ya milango inayofunguka kwenda juu kama mbawa. Zilitengenezwa 1,400 tu, na kati ya hizo 29 ndo zina bodi ya alumini tupu, zilizobaki bodi ni chuma ila boneti, milango na kifuniko cha buti ni alumini. Baadaye ikaja ya wazi, rodista, 1957 hadi 1963, hizo ni 1,858. Nitafika huko.

Sasa kitu cha kwanza. Kila gari hili linapopaki watu wanakuja mbio, milango juu, simu juu, picha, wanaondoka. Hakuna anayeomba kufunguliwa boneti! Na utamu wote wa hii gari upo pale chini ya boneti, kuna pampu ya Bosch yenye visukumio sita vidogo, kimoja kwa kila silinda, inazungushwa na injini yenyewe, na inachofanya ni kupiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Sio kwenye bomba la hewa kama injeksheni nyingi zilizokuja baadaye, ndani kabisa, kama dizeli. Mwaka 1954! Magari mengi ya leo yanabandikwa maneno ya kujisifia nyuma kwamba yana injeksheni ya moja kwa moja, na hii ilikuwa inafanya hivyo bila waya hata mmoja wa kompyuta, vyuma tu na springi na kiwambo kinachovutwa na hewa ya injini ili pampu ijue mguu wako umekanyaga kiasi gani. Kuna mpaka kifaa cha kupunguza petroli ukipanda mlimani ambako hewa ni nyepesi. Nilipokifungua mara ya kwanza nilikaa nakitazama kama dakika kumi hivi sijagusa kitu, nafikiria mtu aliyekaa na penseli na karatasi akakipata hicho.

Hili wazo halikuanzia kwenye gari, lilitoka kwenye ndege. Injini za ndege za Daimler-Benz za wakati wa vita zilikuwa na injeksheni ya hivi kwa sababu kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, ndege ikijigeuza juu chini inakosa mafuta. Vita ikaisha, Wajerumani wakakatazwa kutengeneza ndege, ujuzi ukabaki vichwani mwa watu. Injinia mmoja, Hans Scherenberg, akaenda nao kwa kampuni ndogo ya Gutbrod wakauweka kwenye kigari chao cha injini ya mizunguko miwili (tu-stroki), halafu 1952 akarudi Daimler-Benz. Ndo maana 300 SL inaitwa gari la kwanza la kuuzwa kwa watu lenye injini ya mizunguko minne na injeksheni ya moja kwa moja, hilo la mizunguko minne lazima ulitaje maana Gutbrod waliwatangulia, tuwape haki yao.

Matokeo yake sasa. Injini yenyewe ni ile ya silinda sita kwa mstari, ujazo cc 2,996, imechukuliwa kwenye saluni kubwa ya Mercedes 300, ile aliyokuwa anapanda Chansela wa Ujerumani Magharibi, Adenauer, mpaka watu wakaiita kwa jina lake. Kwenye saluni ilipoanza ilikuwa na nguvu za farasi 115. Gari la mashindano la 1952 wakaliwekea kabureta tatu za Solex, wakafika karibu 170. Pampu ilipoingia kwenye gari la kuuzwa zikawa 215. Yaani gari la dukani lina nguvu kuliko gari la mashindano lililolizaa, hebu niambie umewahi kusikia wapi hiyo. Na walivyopata mahali pa kuweka nozeli, ile midomo ya kupulizia petroli, nimependa sana, kwenye saluni plagi zilikuwa zinaingia ubavuni mwa bloku, basi wakahamishia plagi kwenye silinda hedi, yale matundu yaliyobaki wazi wakachomekea nozeli. Fundi yeyote akisikia hivyo anatabasamu maana ndo tunavyofikiri, una tundu tayari la nini utoboe lingine.

Twende sasa kwenye historia kidogo maana bila hiyo gari halieleweki. Mwanzoni mwa miaka ya 50 Mercedes walitaka kurudi kwenye mashindano ila hela haikuwa ya kutosha kuunda kila kitu upya, ikabidi watumie vilivyopo, na kilichopo ni hiyo injini ya saluni, chuma kizito, ndefu kwenda juu. Mkuu wa kazi alikuwa Rudolf Uhlenhaut, mtu aliyezaliwa London 1906, baba Mjerumani mama Mwingereza, injinia ambaye alikuwa anaweza kuendesha magari ya mashindano aliyoyaunda kwa spidi inayokaribia ya madereva wenyewe. Yeye akapiga hesabu, kama injini ni nzito na siwezi kuipunguza basi nitapunguza kila kitu kinachoizunguka. Akaunda fremu ya mabomba membamba yaliyoungwa kwa pembetatu, kila bomba ama linavutwa ama linasukumwa, hakuna bomba linalokunjwa, na bomba lisilokunjwa halihitaji kuwa nene. Fremu ya lile gari la mashindano ilikuwa kama kilo 50. Watu wazima wawili mnaibeba mnaondoka nayo.

Lakini pembetatu hizo ili zishike lazima fremu iwe na kimo ubavuni, ikapanda juu mpaka usawa wa kiwiko cha dereva, na hapo ndo mlango wa kawaida ukakosa pa kukaa. Huwezi kukata fremu, ukikata pembetatu moja gari zima linalegea. Wakaangalia kanuni za mashindano, hakuna mahali pameandikwa mlango lazima ufungukie pembeni, basi wakaukata kwenye paa. Hiyo ndo hadithi ya mbawa, hakuna msanii aliyekaa akaota ndege. Kwanza kwenye gari la mashindano la mwanzo mlango ulikuwa kidirisha tu, ndo baadaye wakaushusha kidogo ubavuni. Injini nayo kwa vile ni ndefu wakailaza upande wa kushoto, imelala zaidi ya nyuzi 40, boneti likashuka chini upepo ukapita vizuri, na ule upande uliobaki wazi wakapata nafasi ya mabomba marefu ya hewa ambayo pampu inayapenda. Oili nayo haikai chini ya injini, kuna tanki lake pembeni, sampu kavu, kwa sababu ingekaa chini injini ingepanda juu tena. Unaona mnyororo? Injini nzito ikaleta fremu nyepesi, fremu ikaleta milango, urefu wa injini ukaleta kulala, kulala kukaleta sampu kavu na yale mabomba. Ukivuta uzi mmoja gari zima linakuja.

Kitu kimoja tu kwenye hili gari ndo urembo mtupu, yale matuta mawili kwenye boneti. Moja lina kazi, linapisha mabomba ya hewa, la pili halina kitu chini yake, liliwekwa ili uso usiwe wa upande mmoja. Mi nimelikubali, ni zuri.

1952 ndo ulikuwa mwaka wake. Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, wakashinda, madereva Hermann Lang na Fritz Riess. Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, wakashika nafasi ya pili. Novemba wakaenda Mexico kwenye Carrera Panamericana, na huko Karl Kling akiwa anakata kama 200 kwa saa, tumbusi akapasua kioo cha mbele akamvaa Hans Klenk aliyekaa pembeni. Klenk akawa anatoka damu lakini akasema twende. Wakaendelea, baadaye wakafunga vyuma mbele ya kioo kuzuia ndege, na wakashinda mbio nzima. Ukiona picha ya 300 SL yenye vyuma mbele ya kioo sasa unajua.

Na pengine ingeishia hapo kama si Max Hoffman, mtu wa Austria aliyekuwa anaingiza magari ya Ulaya New York. Huyo alikuwa anawajua matajiri wa Marekani, akawaambia wakubwa wa Mercedes kule Stuttgart nitengenezeeni hili gari la kuuza, nitaliuza. Februari 1954 likaonyeshwa New York, halikuanzia Ulaya, na hapo unajua lilitengenezwa kwa ajili ya mfuko wa nani. Kule bei ilikuwa dola 6,820, hapa Ujerumani mark 29,000, pesa ambayo ungepata Beetle kadhaa na chenji. Leo nzuri zinapita dola milioni 1, na zile 29 za alumini ziko dunia nyingine kabisa. Hapo mi kama fundi sina la kusema, ila nasikitika kwamba bei inafanya nyingi zilale ndani.

Haya, kuendesha.

Kuingia kwanza. Unainua mlango, unapanda mwepesi maana umeshikiliwa na springi, halafu stelingi unalikunja lishuke chini, lina bawaba yake ya kazi hiyo, unakaa juu ya ule ukingo mpana, unavuta miguu mmoja mmoja, unateleza kwenye siti, unarudisha stelingi, unavuta mlango chini. Mara ya kwanza niligonga kichwa, mara ya pili nikaelewa. Mwanamke mwenye sketi nyembamba wa miaka ile namwonea huruma kwa kweli. Siti za hii zina kitambaa cha miraba, na mi nawashauri wenye gari wasibadilishe kuweka ngozi kama kitambaa ndicho kilichotoka nacho, miguu ikipata joto kitambaa kinapumua.

Na joto utalipata. Vioo vya milango havishuki, mlango umejikunja hauna pa kukiweka kioo, unachoweza ni kukichomoa kizima ukakihifadhi nyuma ya siti, au ukabaki na kidirisha kidogo cha pembeni na matundu ya hewa. Kuna matundu ubavuni ya kutolea joto la injini lakini siku ya jua, foleni, mabomba ya moto yako karibu na miguu, dakika ishirini shati limelowa. Hiyo ni kasoro ya kweli, sio kitu cha kusema ndo tabia ya magari ya zamani. Wenzake wa enzi hizo walikuwa na vioo vinavyoshuka.

Ukiwasha inatoa mlio mkavu, wa chuma, tofauti na mnguruno wa kabureta. Ukikanyaga hakuna kusita. Hapo ndo nilimwelewa Scherenberg, kabureta za enzi ile ukikanyaga ghafla kuna kile kikohozi, kitambo kidogo hivi kabla petroli haijafuata hewa, hapa hamna, mguu na injini ni kitu kimoja. Kuanzia mizunguko kama 3,500 kwa dakika inavuta kwa nguvu na haichoki, inataka kwenda tu, nguvu yake ya juu iko 5,800 na unasikia kabisa inaelekea huko. Kiwanda kilitoa uwiano tofauti wa gia za ekseli ya nyuma, na ule mrefu kuliko yote ulifika mpaka kilomita 260 kwa saa, lilikuwa gari la haraka kuliko yote yaliyouzwa wakati wake. Mi sikufika huko wala karibu, mzee alikuwa pembeni na gari si langu. Gia nne, zote zina sinkronaiza, zinaingia kama unachomeka ufunguo. Klachi nzito, goti linajua.

Sasa nyuma. Hapa lazima niwe mkali maana watu wanaimba sifa tu wanaacha hili. Ekseli ya nyuma ni ya kubembea, yaani kila gurudumu limefungwa kwenye nusu ekseli inayojikunja karibu na difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli), gurudumu linapopanda na kushuka linachora upinde na linabadilisha mlalo wake. Ukiwa unakata kona kwa spidi halafu ukaogopa ukaachia mafuta, mkia wa gari unanyanyuka, magurudumu ya nyuma yanajikunja kwa ndani chini ya gari, tairi linabaki limesimama kwa ukingo wake, na mkia unakata. Haukupi taarifa ndefu. Kwenye kona moja tu ya kushuka niliachia mafuta kidogo, kidogo sana, na nikahisi kiuno cha gari kinanyanyuka, mzee akasema taratibu tu, shikilia mguu, usiondoe. Alikuwa sahihi, breki unamaliza kabla ya kona, ndani ya kona mguu unabaki kwenye mafuta unasukuma. Dereva anayejua anakwenda nalo vizuri, John Fitch aliendesha 300 SL kwenye Mille Miglia ya 1955 akamaliza wa tano kati ya magari yote na gari la kuuzwa tu, lakini huyo ni Fitch. Kumuuzia tajiri yeyote mwenye hela gari la spidi hii lenye nyuma ya namna hii lilikuwa kosa, na Uhlenhaut mwenyewe aliujua udhaifu huo maana walipotengeneza rodista waliibadilisha, wakashusha sehemu ya kubembea ikawa moja chini ya difu na wakaweka springi ya kulala juu yake kusawazisha.

Breki ni dramu nne kubwa zenye mapezi ya kupoza, zina sevo ya kuongezea mguu nguvu, zinatosha kama unaendesha kwa akili, lakini ukizipasha moto kwenye mteremko mrefu huwa zinavuta upande. Disiki zilikuja 1961 kwenye rodista.

Kwa hiyo ukiniuliza lipi ni gari bora, ni rodista, sifichi. Walipunguza kimo cha fremu ubavuni wakaweka mlango wa kawaida, kioo kinashuka, nyuma imetulia, buti lina nafasi kidogo, na pampu ni ile ile. Kama unataka kwenda safari ya mbali na mwenzi wako chukua rodista. Lakini ukiniuliza lipi nataka niendelee kulifungua na kulifunga maisha yangu yote ni kupee, kwa sababu kwenye kupee hakuna mtu aliyerudi nyuma kumbembeleza mnunuzi, fikra ya kwanza imebaki vile ilivyotoka.

Wengine wanachanganya hii na 300 SLR, ile iliyouzwa 2022 kwa euro milioni 135. Ile ni gari lingine kabisa, injini silinda nane, imetokana na gari la Grand Prix. Jina linafanana, damu sio.

Nimalizie na pampu kwa sababu ndiko nilikoanzia na ndiko kwenye ugonjwa wake mkubwa, na kama una bahati ya kumiliki au kuhudumia hili gari hii ndo sehemu ya kusoma mara mbili. Pampu inazungushwa na injini, sio na swichi. Ukizima ufunguo, umeme wa plagi unakatika lakini injini bado inazunguka mizunguko michache kabla ya kusimama, na pampu haijui kama umezima, inaendelea kupiga petroli ndani ya silinda ambazo haziwaki tena. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda, inapita kwenye ringi, inashuka kuchanganyika na oili. Kila ukizima. Ukiwa unasafiri mbali oili inapata moto petroli inafuka yenyewe, lakini ukiwa unakwenda karibu na kuzima, karibu na kuzima, tanki la oili ni kubwa na kuna kipoza oili juu yake, oili haipati moto hata siku moja, inazidi kuwa nyepesi mpaka inashindwa kulinda beringi. Hii tuliyoifungua ndo ilikuwa imefia hapo. Mwenye nayo wa kabla alikuwa anaitoa kwenye maonyesho, anaiwasha, anaisogeza mita mia, anaizima, watu wanapiga picha milango. Oili niliyoimwaga ilikuwa nyembamba kama maji na inanuka petroli tupu, beringi zimechubuka, kuta za silinda zina mikwaruzo ambayo gari lenye kilomita chache vile halipaswi kuwa nayo.

Dawa ni kumwaga oili mapema sana, kila kilomita 1,500 hivi usizidishe, siku za baridi kuziba kipoza oili kisipate upepo, na kuliendesha gari. Kuliendesha kweli. Mzee nilimweleza haya yote siku ile ile tuliyorudi, tulikuwa tumeshafika getini kwa gereji, injini inaunguruma taratibu, nikamwonyesha ile geji ya joto la oili kwenye dashibodi, sindano ndo kwanza ilikuwa imeanza kunyanyuka. Akaitazama, akanitazama, akasema basi geuza, tuzunguke tena.